Mkabo wa Saba

Jumanne, 4 Machi

Jambo nililolificha miaka arobaini na mmoja ni hili: trai, yaani bao, iliyoamua fainali ya kwanza ya raga yetu ilifungwa mchezo ukiwa umeingia mkabo wa saba. Sheria inaruhusu mikabo sita. Refa nilikuwa mimi, na nilikosea hesabu.

Basi, nimeliandika. Juzi daktari alisema moyo wangu umechoka, akasema kwa upole mno, nami ninaijua maana ya upole wa daktari. Nikaona afadhali daftari hili lisikie kabla sijaenda nalo kaburini.

Kwa atakayesoma bila kuujua mchezo: raga yetu ni ile ya wachezaji kumi na watatu, si ya kumi na watano. Timu yenye mpira hukabwa mara sita. Ikikabwa mara ya sita, mpira unakabidhiwa wapinzani. Mchezo mzima umesimama juu ya hesabu hiyo, ndiyo maana walimchagua mwalimu wa hesabu awe refa. Marehemu mke wangu alikuwa fundi cherehani. Alinishonea kaptula yenye mifuko mirefu, akanipa vifungo sita vyeusi vya koti. Kila mkabo, kifungo kimoja kinatoka mfuko wa kulia kinaingia wa kushoto. Baada ya mkabo wa tano ninanyoosha mkono juu, vidole vyote wazi, kila mtu ajue umebaki mmoja. Mfuko wa kulia ukibaki mtupu, zamu imekwisha, na hakuna wa kubishana nami.

Vifungo bado ninavyo, kwenye kopo la dawa ya kikohozi.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Miguu imevimba. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ameificha chumvi. Nimekwisha jua ilipo.

Jumamosi, 8 Machi

Mjukuu wangu, binti yao, amefika na mabuti yenye matope, akaambiwa ayavue nje. Yeye ni katibu wa chama cha raga cha taifa. Marais wa vilabu humwogopa. Mama yake hamwogopi hata kidogo. Mjukuu huyu huniita mume wangu, nami humuuliza ni mke gani huyu asiyejua kupika chochote isipokuwa barua.

Msimu wake ni mzito. Wanaume wana mechi tatu za kimataifa, wanawake wana moja, ya kwanza tangu timu yao iundwe. Mwezi wa tano watakuja wakaguzi wawili kutoka chama cha dunia. Wakiridhika, chama chetu kitakuwa mwanachama kamili, mwenye kura na haki ya kuletewa makocha. Anawaandalia kitabu: matokeo ya mechi, shule zinazocheza (mwaka jana tisa, sasa ishirini na tatu), mafunzo ya waamuzi, na ukurasa mmoja wa historia. Historia yenyewe ni fainali ile. Wote waliokuwa na wadhifa siku ile wametangulia, nimebaki mimi, kwa hiyo niusome ukurasa huo na kutia sahihi kwamba ni kweli.

Akanionyesha picha itakayowekwa juu yake. Nikasema miwani yangu ina ukungu.

Jumanne, 11 Machi

Sihitaji miwani kuiona. Picha hiyo imetundikwa juu ya kioo katika banda la kinyozi wangu, mkabala na geti la uwanja, na yeye ndiye aliye katikati: kijana wa kifua kipana, amesimama wima, mikono kainyoosha mbele kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga. Ubavuni mwake mchezaji wa timu ya Karakana anapita na mpira kwapani.

Alikuwa nahodha wa timu ya Sokoni. Walikuwa wakiongoza kumi kwa nane, dakika ya mwisho. Mtu wa Karakana akakabwa, nahodha akasimama akinyoosha mikono apewe mpira. Hakupewa. Karakana wakaucheza, mmoja akampita kama anavyopitwa mlingoti wa simu, akaugusisha mpira chini nyuma ya mstari. Kumi na mbili kwa kumi. Tangu siku hiyo jina lake ni Sanamu. Wajukuu zake wenyewe humwita Babu Sanamu. Makocha wa watoto wana usemi wao: cheza mpaka kipenga kilie, usije ukawa Sanamu.

Mtu huyu hakuwa amezubaa. Alikuwa amehesabu mpaka sita, akangoja haki yake.

Tangu mke wangu afariki, miaka kumi na mmoja sasa, yeye huja kuninyoa nyumbani kila Jumanne. Leo nilifungua kinywa nimwambie, wembe ukiwa kwenye koo. Nikajiambia si adabu kumshtua mtu mwenye wembe. Kisingizio kizuri hicho. Nadhani nitakitumia tena.

Jumapili, 16 Machi

Tumefungwa ugenini, thelathini na nne kwa kumi. Katibu amepiga simu, sauti imemkauka. Nikamkumbusha kwamba mwaka juzi wenyeji hao hao walitufunga sitini. Akasema, "Sasa hiyo ndiyo pole, mume wangu?" Lakini alicheka, nikasikia.

Jumanne, 18 Machi

Sanamu amekuja. Nimekitumia tena kisingizio kile.

Jumatano, 26 Machi

Ukumbi wa chama umeingia maji, kwa hiyo mafunzo ya waamuzi yamehamia sebuleni kwetu. Walimu wa kike kumi na wawili, viatu kumi na viwili mlangoni kila upande, mkwe wangu akihesabu vikombe kwa macho. Katibu alinisogeza na kiti changu mbele yao kama kabati linalohamishwa, akasema, huyu ndiye mwenye vifungo.

Ni kweli, desturi ile haikufa. Hapa kwetu mwamuzi hapewi kipenga kabla hajapewa vifungo sita. Wageni hutucheka, kwamba siku hizi kuna mitambo ya kuhesabia. Sisi tunasema mitambo huishiwa betri.

Niliwafundisha saa nzima na sikuchoka. Wapo waliohamisha vifungo kwa haraka kama wanaoiba. Kulikuwa na mwalimu wa chekechea, mdogo wa umbo, sauti ya kuita darasa zima, akauliza: "Mzee, vifungo vikisema moja na moyo wangu ukasema lingine, nifuate kipi?"

"Vifungo," nikasema. "Vifungo havina timu."

Wote wakaandika. Waliendelea kunywa chai na kutaniana, nyumba ikajaa vicheko ambavyo haijavisikia siku nyingi. Mimi nilikaa katikati yao nikiwa kama mtu aliyemeza kopo zima la vifungo.

Jumanne, 1 Aprili

Sanamu amenipunguza na nywele za masikioni. Amesema uzee huhamisha nywele kutoka zinapotakiwa kwenda zisipotakiwa. Tumezungumza mabuti, mvua, bei ya mafuta ya mashine. Sikusema.

Jumapili, 6 Aprili

Wamenipeleka uwanjani kwa kiti cha magurudumu, blanketi magotini. Tumetoka sare, kumi na sita kwa kumi na sita, na wale si timu ndogo. Milingoti ni mipya, imechomelewa na mafundi wa chuo cha ufundi bila malipo. Mmoja umeinama kidogo, Katibu anasema mkaguzi akiuliza ni upepo.

Nikiutazama uwanja ule namkumbuka meneja wa karakana. Ardhi ilikuwa yao. Asubuhi ya fainali alinivuta kando, akaniambia, "Mwalimu, vijana wangu wakishindwa leo, Jumatatu naleta matofali. Nitajenga ghala. Siwezi kufuga uwanja ili watu wa sokoni waje kunicheka." Hatukuwa na uwanja mwingine. Vijana wake walishinda, akavimba kichwa, na mwezi haukuisha akatuandikia barua ya kutukabidhi uwanja moja kwa moja.

Leo pembeni ya mstari niliona watoto wa shule nne tofauti wakirushiana mpira wa matambara wakati wa mapumziko. Wasingekuwapo. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba kosa langu lilikuwa kosa lenye baraka, na ninakiri kwamba kila nikijiambia hivyo, chai yangu huwa tamu zaidi.

Jumatano, 9 Aprili

Katibu ameleta ukurasa wa historia nitie sahihi. Chini ya picha ameandika: "Nahodha wa Sokoni alisahau mchezo, mchezo haukumsahau." Ni mzaha mzuri, hata mimi ningeucheka ingekuwa ni mtu mwingine.

Nikaiweka kalamu chini. Nikamwambia, hakusahau. Mikabo sita ilikuwa imekwisha. Nilinyoosha mkono wa kuonyesha tano baada ya mkabo wa sita. Nilikosea kuhesabu.

Alikaa kitandani pangu, jambo ambalo hafanyi. "Babu," akasema; hakusema mume wangu. "Wewe umefundisha hesabu miaka thelathini."

"Hata mpishi huunguza."

Akakata maneno yale chini ya picha akaandika mengine: kwamba refa alipotelewa na hesabu, na nahodha alikuwa sahihi. Akasema hawezi kulichapa kabla Babu Sanamu hajaliona, maana ni jina lake lililoburutwa. Nikakubali. Usiku nimelala kama mtoto.

Jumanne, 15 Aprili

Sanamu amekuja na ukurasa ameukunja ndani ya mfuko wa aproni. Hakuutoa mpaka aliponipaka povu, nisiweze kujibu.

"Mwalimu," akasema, "kumbe hili limekusumbua miaka yote hii? Ungeniuliza. Mimi nilijua siku ile ile. Uwanja mzima waliokuwa wanahesabu ni mimi na wewe."

Akanieleza kwamba mwanzo alipiga kelele, wakamcheka. Kisha picha ikatoka gazetini, akaiangalia sana. Nyuma yake nipo mimi, mkono mmoja juu, vidole wazi, mwingine ndani ya mfuko wa kulia. "Unatafutatafuta," alisema. "Nikajua. Maskini Mwalimu, kifungo kimemkwama kwenye pindo. Mtu aliyepotelewa humpigii kelele. Nikaitundika ile picha ili nisisahau kwamba hukukusudia."

Mimi nilidhani ameitundika kujicheka mwenyewe kabla wateja hawajamcheka. Na nilidhani huja kila Jumanne kwa mazoea, maana nyumba yangu iko njiani. Haiko njiani. Leo nimemuuliza, anapanda kilima kizima na mkoba wake, na ana miaka sabini.

Alininyoa vizuri kuliko siku zote. Nilipaswa kujisikia mwepesi, sikujisikia.

Ijumaa, 18 Aprili

Uji umenishinda. Mkwe wangu mwenyewe ameniletea chumvi, jambo lililonitia hofu kuliko ugonjwa.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemtumia ujumbe Sanamu asije, nina homa. Sina homa.

Jumamosi, 26 Aprili

Mechi ya wanawake. Mvua ilikatika saa nane mchana kama iliyoamriwa. Nilifungwa mashuka mawili na kusukumwa mpaka karibu na mstari.

Kabla ya mechi kubwa shule mbili za wasichana zilicheza, na refa alikuwa yule mwalimu wa chekechea. Mojawapo ilikuwa shule yake mwenyewe. Mwamuzi aliyepangwa alikwama kwenye matope njiani, ikabidi. Shule yake ilikuwa nyuma kwa alama mbili. Dakika za mwisho wakasukuma, wakasukuma, mpaka hatua moja kutoka mstarini, msichana akakabwa hapo mkono ukiwa umenyooshwa. Kila mtu alitaka mkabo mmoja zaidi. Mimi nilitaka. Mwalimu alipuliza kipenga akaelekeza mpira uende upande wa pili.

Shule yake ikamzomea. Wazazi wakamzomea, mwalimu mkuu alisimama juu ya benchi. Yule mwalimu wa chekechea alitia mkono mfuko wake wa kulia, akauvuta nje wote, bitana ikaning'inia kama ulimi, akazunguka taratibu, pande zote za uwanja waone kwamba ni mtupu.

Mmoja akapiga makofi, halafu wengi.

Wanawake wetu wameshinda kumi na mbili kwa nane. Katibu alilia hadharani akasema ni mvua, na mvua ilikuwa imekwisha. Niliimba pamoja na wengine. Lakini nimerudi nyumbani na mfuko ule mbele ya macho yangu, na sitaki kufa kabla ya Jumanne.

Jumanne, 29 Aprili

Nilimwambia Sanamu afunge wembe kwanza. Akauliza kama leo nina mpango wa kumshambulia. Tayari alikuwa amemaliza upande wa kulia.

Nikamwambia kuhusu meneja, matofali na ghala. Kisha nikamwambia yaliyobaki, ambayo daftari hili bado halijaambiwa.

Alikunja taulo mara mbili, akafungasha mkoba wake, brashi ikiwa na povu bado, akatoka. Nilimsikia akiteremka ngazi moja moja. Upande wa kushoto sikunyolewa.

Alhamisi, 1 Mei

Mkwe wangu amejitolea kuumalizia. Nimekataa. Amesema nafanana na ukuta ambao fundi wake amekwenda kula.

Jumamosi, 3 Mei

Tumeshinda. Ishirini na mbili kwa ishirini, nyumbani, ushindi wa kwanza wa wanaume kwa miaka mitatu. Nilikwenda na ndevu nusu. Watoto walipita mbele ya kiti changu wakirudi kupita tena. Sanamu alikuwa ng'ambo ya uwanja, mlangoni pa banda lake, na hakuvuka.

Jioni nimemwambia na Katibu. Ametoka nje, amekaa kwenye ngazi muda mrefu. Najua alichokuwa anapima: wakaguzi wanakuja Jumamosi ijayo, na uwanja watakaokanyaga umepatikana hivyo. Aliporudi aliomba chai. Akasema kitabu kinaingia kiwandani kuchapwa Jumatano, na kwamba ukurasa wa historia ataupanga upya, ila si kabla Sanamu mwenyewe hajasema.

Jumanne, 6 Mei

Saa nne kamili nikasikia ngazi.

Sanamu hakunisalimu. Alitandika taulo, akapaka povu upande wa kushoto peke yake, akaanza. Mkono wake ulikuwa mzito kidogo, haukunikata. Alipofika nusu ya shavu alisimama akatazama dirishani. Kutoka hapo uwanja unaonekana wote. Wasichana walikuwa wanakimbia kuzunguka milingoti, ule ulionyooka na ule ulioinama.

"Miaka arobaini na mmoja nimekuwa nakuhurumia wewe," akasema. "Nikipanda hiki kilima nasema, yule mzee ana mzigo. Kumbe mzigo wangu."

Nikasema ndiyo.

"Na ghala? Yule bwana angejenga kweli?"

"Kweli. Alikwisha nunua mchanga."

Akanyoa. Akafika kidevuni, mahali pagumu, akavuta ngozi kwa kidole gumba kama afanyavyo siku zote. Halafu akauliza kwa nini sikumwambia kule kule uwanjani, siku ile, kando, sikioni tu. Kwamba ningemwambia sikioni angenyamaza, angeubeba mwenyewe, na angejua anabeba nini. Jibu nimekuwa nikilitafuta mpaka sasa ninapoandika.

Aliponifuta povu alirudi nyuma hatua mbili, akanitazama pande zote, kulia na kushoto, kuona kama zimelingana.

"Mwambie Katibu picha aiweke kubwa," akasema. "Ijaze ukurasa. Watu waone nani alikuwa anajua hesabu, mwalimu au kinyozi."

Alipofungasha mkoba nilimpa lile kopo. Alilitikisa sikioni, akasikia vifungo, akalitia mkobani bila kulifungua. Mlangoni akasema, "Jumanne ijayo usile chumvi, uso wako umevimba, unanipotezea wembe." Kisha nikasikia hatua zake, ngazi moja moja, zikiteremka.

Katibu alikuja saa sita. Nimemwandikia maneno ya chini ya picha kwa mkono wangu mwenyewe, na nimetia sahihi. Nayanakili hapa ili daftari nalo liyajue:

Mbele ni nahodha wa Sokoni, aliyehesabu sawasawa. Nyuma yake ni mimi, refa. Hakuna kifungo kilichokwama wala kupotea, na sikukosea hesabu. Vyote sita vilikuwa mfuko wa kushoto. Mkono unaouona uko ndani ya mfuko wa kulia, mfuko ulikuwa mtupu, nami nilikuwa nauhisi mtupu nilipoacha mpira uchezwe.